Ӧ ya Kikomi kwenye kompyuta: herufi nzima, ya vipande, au ya kuazima?

Neno вӧр, yaani msitu kwa Kikomi, linaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta kwa namna tatu ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Zichapishe zote kwenye karatasi moja, utaona neno lile lile mara tatu. Lakini iagize kompyuta ilitafute neno hilo ndani ya faili, nayo mara nyingi itakupa moja na kuyaruka mawili, kwa sababu kwake hayo ni maneno matatu yasiyohusiana. Herufi inayoleta shida ni ile ya katikati, о yenye nukta mbili juu.

Ulinganisho huu ni kwa mtu anayetakiwa kuchagua: mtengenezaji wa kamusi, wa kibodi, wa tovuti, wa kikagua tahajia, au anayechapa upya vitabu vya zamani ili visipotee. Msimamo wangu nausema tangu sasa. Maandishi ya Kikomi yanayohifadhiwa yatumie herufi nzima ya Kikirili, mwandiko unaotumiwa na Kirusi: U+04E7 kwa ndogo na U+04E6 kwa kubwa. Hizo ni namba za Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake. Namna ya vipande, yaani о na nukta zake zikiwa na namba mbili tofauti, ipokelewe inapokuja, kisha igeuzwe kuwa nzima kabla ya kuhifadhiwa. Ö ya Kilatini isiingie kabisa ndani ya neno lililoandikwa kwa Kikirili. Kuna mahali ambapo Ö hiyo ina haki yake kamili, na nitafika huko.

## Herufi yenyewe na kazi yake

Kikomi ni lugha ya jamii ya Kiurali, jamii kubwa yenye Kifini na Kihungari, na ndugu yake wa karibu kabisa ni Kiudmurt. Inazungumzwa kaskazini-mashariki mwa upande wa Urusi ulioko Ulaya, katika Jamhuri ya Komi ambayo mji wake mkuu ni Syktyvkar. Tawi la pili, Kikomi-Permyak, liko kusini zaidi katika eneo la Perm, na mji wake ni Kudymkar. Matawi yote mawili yanaandikwa kwa alfabeti ya Kikirili: herufi 33 za Kirusi na mbili za nyongeza, І na Ӧ, jumla 35.

Ӧ ni irabu inayotamkwa ulimi ukiwa katikati ya kinywa, midomo haiviringwi. Si herufi ya kukutana nayo mara moja kwa ukurasa. Imo katika ӧти (moja), аттьӧ (asante), сійӧ (yeye). Imo katika viambishi tamati pia: вӧр ni msitu, вӧрӧ ni kuingia msituni, пурт ni kisu, пуртӧн ni kwa kisu. Ni vigumu kuandika sentensi mbili za Kikomi usiihitaji.

Ukiziondoa nukta, neno halibaki lilivyo. Кӧр ni yule kulungu wa nchi za barafu anayefugwa kwa nyama na kuvuta sleji. Кор ni "lini". Na вӧр ikipoteza nukta inakuwa вор, ambayo msomaji wa Kirusi ataisoma "mwizi". Kwa hiyo wanaosema nukta ni pambo tu, waandike о na msomaji ataelewa, wanamwachia msomaji kazi ambayo ni ya mwandishi. Katika ujumbe mfupi kati ya marafiki hilo linavumilika. Katika kamusi, kitabu cha shule au hifadhidata halivumiliki, na hapa sitalihesabu kama chaguo.

Yanayobaki ni haya matatu (UTF-8 ni njia ya kuziandika namba za Unicode kwa baiti, vipimo vidogo vya kumbukumbu ya kompyuta):

| Namna | Namba ya Unicode | Baiti katika UTF-8 | Mwandiko |
|---|---|---|---|
| ӧ nzima | U+04E7 | D3 A7 | Kikirili |
| ӧ ya vipande | U+043E na U+0308 | D0 BE CC 88 | Kikirili na alama ya kupachika |
| ö ya kuazima | U+00F6 | C3 B6 | Kilatini |

## Herufi nzima

Ӧ nzima imo ndani ya Unicode tangu toleo la 1.1 la mwaka 1993. Ni vigumu kupata simu au kompyuta inayouzwa leo ambayo haiijui. Inahesabiwa kuwa herufi moja, inafutwa kwa mguso mmoja, ina umbo lake kubwa na dogo, na kila programu inayouliza "hii ni herufi ya mwandiko gani?" inajibiwa: Kikirili. Neno вӧр lina herufi tatu, na kompyuta inasema tatu. Hilo linaonekana dogo mpaka ulinganishe na namna ya pili.

Ina udhaifu wa aina mbili, na ni haki kuutaja. Wa kwanza ni mpangilio wa alfabeti. Katika alfabeti ya Kikomi Ӧ inakaa mara baada ya О, na І baada ya И. Lakini programu isiyojua Kikomi hupanga kwa kufuata namba. Я ndogo ni U+044F. І ni U+0456 na ӧ ni U+04E7, zote mbili zikiwa namba kubwa kuliko hiyo. Matokeo yake ni orodha ambayo maneno yote yanayoanza na ӧ yamesukumwa hadi mkiani, baada ya я. Dawa yake ni kuipa programu kanuni ya kupanga ya Kikomi, na maktaba za kompyuta zinazoshughulikia lugha nyingi zinakubali kanuni hiyo kwa mstari mmoja tu. Shida nyingine inayofanana na hiyo ni hii: programu nyingi zimeandikwa na watu wa Kirusi zikitafuta herufi "kuanzia а hadi я". Mpaka huo unaiacha nje ӧ, unaiacha nje і, na hata ё ya Kirusi yenyewe unaiacha nje. Ukirithi programu ya namna hiyo, hapo ndipo pa kuanzia ukaguzi.

Udhaifu wa pili ni fonti. Miaka ya 1990 Microsoft ilitoa orodha ya herufi iitwayo WGL4, ambayo watengenezaji wengi wa fonti waliifuata kama kipimo cha fonti iliyokamilika kwa Ulaya. Upande wa Kikirili orodha hiyo ina herufi za Kirusi, Kiukraine, Kibelarusi, Kiserbia na nyingine chache. І imo, kwa sababu Waukraine na Wabelarusi wanaitumia. Ӧ haimo. Fonti iliyoishia kwenye orodha hiyo itakuandikia сійӧ ikiwa na herufi tatu za sura moja, kisha ya nne itaazimwa kutoka fonti nyingine: nene kuliko wenzake, au nyembamba, au imepanda juu kidogo ya mstari. Fonti kubwa zinazokuja na kompyuta za leo zimeshalitatua hili. Za kununua kwa ajili ya mabango, majalada na nembo bado zinahitaji kupimwa kabla hujalipa, na сійӧ ni neno zuri la kupimia kwa kuwa lina herufi zote mbili za nyongeza.

## Herufi ya vipande

Hapa unaandika о ya kawaida ya Kikirili, kisha U+0308, alama ya nukta mbili inayojipachika juu ya herufi iliyoitangulia. Unicode inatamka wazi kwamba о pamoja na alama hiyo ni sawa kabisa na ӧ nzima. Kuna taratibu mbili rasmi za kusawazisha: NFC huunganisha vipande, NFD huvitenganisha. Ukitoka moja kwenda nyingine hakuna kinachopotea. Ndiyo maana nasema namna hii ipokelewe: ni Kikomi sahihi, kimefungwa tu kwa njia nyingine.

Inatoka wapi? Mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta za Mac, HFS+, uliyatenganisha majina ya faili ukayaweka vipande vipande bila mwenye faili kujua. Mfumo uliofuata, APFS, haulazimishi tena hivyo, lakini majina yaliyotoka kule bado yanazunguka. Maandishi yaliyotolewa ndani ya PDF nayo mara nyingine huja hivi. Na mtu mwenye kibodi isiyo na ӧ ila yenye alama ya nukta mbili ya kupachika ataandika hivi, na atakuwa ameandika sawasawa.

Taabu inaanza kwenye kazi ya kila siku. Chukua сійӧ tena. Ikiwa nzima ni herufi nne na baiti nane: D1 81, D1 96, D0 B9, D3 A7. Ikitenganishwa kwa NFD, siyo ӧ peke yake inayovunjika. Й nayo inageuka и na alama ya kikombe juu, U+0306. Neno lile lile sasa lina namba sita na baiti kumi na mbili. І haivunjiki, kwa sababu Unicode haiihesabu nukta yake kuwa alama ya kupachika. Ukiweka kwenye hifadhidata safu yenye kikomo cha herufi kadhaa, kikomo kinaweza kuangukia katikati ya о na nukta zake, na kisu kikipita hapo, кӧр inaanza kusomeka ко na hakuna atakayejua kilichokatwa.

Mfano wa karibu zaidi: katika lugha ya Python, mtu akitaka kugawa sentensi kuwa maneno kwa kutumia alama ya kawaida `\w+`, вӧр nzima inatoka nzima. Вӧр ya vipande inatoka maneno mawili, "во" na "р", kwa sababu nukta za kupachika hazihesabiwi kuwa sehemu ya neno. Hebu fikiria kuhesabu maneno ya gazeti zima kwa njia hiyo. Utapata lugha ambayo haipo.

Katika SMS, ujumbe wenye Kikirili una nafasi 70 kwa kipande badala ya 160. Ӧ nzima inakula nafasi moja na ya vipande inakula mbili. Na kwenye orodha iliyopangwa kwa namba, maneno ya ӧ ya vipande hayaendi mkiani kama yale ya ӧ nzima. Yanajichanganya mwanzoni mwa maneno ya о. Orodha yenye namna zote mbili itakuwa na ӧти mbili, moja katikati na nyingine mwisho.

Hata hivyo usifanye programu inayokataa alama za kupachika. Wataalamu wa lugha wakitaka kuonyesha mkazo juu ya ӧ wanaandika ӧ́, na hiyo haina herufi nzima mahali popote: ni U+04E7 ikifuatwa na U+0301. Unicode haitaiongeza pia, kwa sababu imeahidi kwamba maandishi yaliyokwisha kusawazishwa yabaki yalivyo. Wasomaji walioko Congo wanaijua hali hii kupitia Kilingala: ɛ́ na ɔ́ zenye toni ya juu hazina umbo zima, lazima ziandikwe vipande. Kwa herufi hizo hakuna cha kuchagua. Kwa ӧ chaguo lipo, na Unicode yenyewe imeshalifanya rahisi.

## Ö ya kuazima

Hii ndiyo inayonipa uchungu, kwa sababu ndiyo iliyoenea kwa sababu zinazoeleweka na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote.

Kibodi ya Kirusi ina herufi 33 na vitufe vyake vimejaa. Kabla ya Unicode kuenea, kila lugha ilikuwa na misimbo yake, orodha za herufi zilizopewa baiti moja moja. Ule uliotawala Windows kwa Kirusi, wa 1251, hauna ӧ mahali popote. KOI8-R haina, ISO 8859-5 haina, na ule wa DOS, 866, hauna. Lakini ö ya Kilatini ilikuwa kila mahali: imo kwenye kibodi za Kijerumani, Kiswidi na Kifini. Kwenye kibodi ya Kifini iko kwenye kitufe cha kulia kwa L, pale pale ambapo kibodi ya Kirusi ina ж. Mtu anayefanya kazi na Kikomi akiwa Finland, au Syktyvkar akiwa na fonti iliyokosa ӧ, alikuwa na herufi inayofanana kabisa hatua moja tu kutoka mkononi. Aliichukua. Kila aliyesoma karatasi aliona Kikomi safi.

Kompyuta haikuona hivyo. Katika msimbo wa 1252 wa Ulaya Magharibi ö ni baiti F6, na baiti hiyo hiyo katika 1251 ni ц. Ö kubwa ni D6, ambayo katika 1251 ni Ц. Faili lililochanganya misimbo hiyo miwili likisomwa lote kama 1251, msitu unageuka вцр. Ukikutana na maandishi ya zamani ya Kikomi yaliyojaa ц mahali pasipotamkika, mara nyingi umekutana na ö iliyopoteza pasi yake ya kusafiria.

UTF-8 ilimaliza tatizo la baiti, lakini haikumaliza tatizo la utambulisho. Ö ya Kilatini inabaki U+00F6 na hakuna usawazishaji utakaoifanya kuwa U+04E7. NFC haivuki kutoka mwandiko mmoja kwenda mwingine, na hata NFKC, iliyo kali zaidi, haivuki. Unicode ina orodha ya herufi zinazofanana sura, lakini orodha hiyo ni ya kuonya dhidi ya ulaghai, haigeuzi maandishi. Kwa maana hiyo ӧ ya vipande ni mgonjwa anayepona kwa kidonge kimoja, na ö ya kuazima inahitaji daktari akae naye.

Madhara mengine yanafuatana. Kikagua tahajia kinalitia neno mstari mwekundu ingawa halina kosa la kuonekana, na mwandishi anaanza kutilia shaka Kikomi chake. Kwenye orodha iliyopangwa, Kilatini hutangulia Kikirili, hivyo ӧти yenye ö ya kuazima inaruka hadi juu kabisa, kabla ya А. Programu ya kutambua lugha inaona mwandiko wa mchanganyiko. Kivinjari kikiona jina la kikoa lenye Kikirili na Kilatini pamoja kinakataa kulionyesha lilivyo, kinaweka mfululizo unaoanza na xn--, kwa sababu huo ndio mtindo wa matapeli. Kwa majina yanayoishia .рф, kikoa cha Urusi cha Kikirili, suala haliinuki, kwani humo zinaruhusiwa herufi za Kirusi peke yake, na ӧ haingii kwa namna yoyote ile. Kwenye SMS mtu anaweza kudhani ameokoa nafasi kwa kuwa ö imo katika seti ya herufi za bei nafuu. Hapana, herufi nyingine za neno ni za Kikirili, na ujumbe wote umeshahamia kwenye nafasi 70.

Lugha yenye mabilioni ya maneno mtandaoni inaweza kuvumilia uchafu huu, makosa yanazama. Maandishi ya Kikomi ni machache. Neno linalotokea mara chache likigawanywa katika sura tatu, kila sura inabaki na theluthi yake, na programu ya kutafsiri, ya kusahihisha au ya kutafuta inajifunza kwamba neno hilo karibu halipo. Kwa lugha ndogo usafi wa herufi ni suala la kuonekana au kutoonekana.

Sisi waandishi wa Kiswahili tunadhani mambo haya hayatuhusu kwa kuwa herufi zetu hazina alama. Tazama ng'ombe. Ukiiandika kwa kibodi ya kawaida, kidoto kile ni U+0027. Programu ya kuandikia barua inakigeuza kimya kimya kuwa U+2019, kile kilichopinda. Na ipo U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi na si alama ya uakifishi. Ng'ombe watatu, na programu nyingi zitawatafuta mmoja mmoja.

## І, herufi ya pili

Kwa І hakuna namna ya vipande, kwa hiyo chaguo ni mbili tu: U+0456 ya Kikirili au i ya Kilatini, U+0069. Kazi yake katika Kikomi ni maalumu. Baada ya д, з, л, н, с na т, herufi и inaifanya konsonanti ilainike. Ukitaka konsonanti ibaki ngumu unaandika і, kama katika ді, kisiwa, au ті, ninyi. Kiudmurt kina hitaji hilo hilo na kinalitimiza kwa ӥ, U+04E5.

Kihistoria і ilikuwa na bahati kuliko ӧ. Imo katika msimbo wa 1251, baiti B2 na B3. Imo katika ISO 8859-5 na KOI8-U, ingawa haimo katika KOI8-R wala 866. Lakini kishawishi ni kikubwa zaidi, maana i ya Kilatini imo kwenye kila kibodi duniani. Jicho haliwezi kusaidia, hata katika maandishi ya mlazo, hata kwa herufi kubwa. Ni mashine pekee inayoweza kukagua, na inapaswa kukagua: utakuta waandishi waliojihadhari sana na ӧ wakapitiwa na і. Chagua U+0456, hakuna hoja ya upande wa pili.

## Vitabu vya miaka ya 1920

Mwenye kuchapa upya maandishi ya zamani ana uamuzi mwingine juu ya huo. Kikomi kimebadilisha mavazi mara nyingi. Mmisionari Stefan wa Perm alikitungia alfabeti yake yenyewe mwaka 1372, nayo imo ndani ya Unicode tangu toleo la 7.0 la 2014, kuanzia U+10350. Katika miaka ya 1920 kilichapishwa kwa alfabeti ya mwanaisimu Vasily Molodtsov, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikahamishiwa Kilatini, na kabla muongo huo haujaisha kikawekwa katika Kikirili tunachokiona leo.

Alfabeti ya Molodtsov ilikuwa na uzuri wake: kila sauti laini ilipewa herufi yake, badala ya kutegemea irabu inayofuata. Ԃ kwa д laini, Ԅ kwa з laini, Ԉ kwa л, Ԋ kwa н, Ԍ kwa с, Ԏ kwa т, Ԇ kwa sauti ambayo leo inaandikwa дз, na Ԁ kwa д ngumu. Ndiyo maana haikuhitaji и na і mbili. Jina la lugha lenyewe liliandikwa Комі. Unicode ilizipa herufi hizi nane nafasi U+0500 hadi U+050F katika toleo la 3.2, mwaka 2002.

Chaguo la kwanza ni kuzitumia hizo hizo na kuhifadhi maandishi yalivyochapwa. La pili ni kuyahamisha hadi tahajia ya leo, ԁі ikawa ді na ԃі ikawa ди. La tatu, linalofanywa na walio na haraka, ni kutumia herufi ya Kilatini inayofanana. Hilo la tatu linajiumbua lenyewe kwenye Ԁ. Ndogo yake, ԁ, haitofautiki na d ya Kilatini. Sasa geuza kichwa cha habari kiwe cha herufi kubwa: d ya Kilatini inakuwa D, herufi ambayo Molodtsov hakuwa nayo, ilhali ԁ ya Kikomi inakuwa Ԁ, ile ile ya kishina kirefu, kubwa tu.

Kati ya mawili yanayobaki mimi nashauri yote, kwa mpangilio: nakala ya asili kwa herufi za U+0500 ihifadhiwe kwanza, ya tahajia ya leo itengenezwe kutoka kwayo. Kutoka Molodtsov kuja leo kunafuata kanuni karibu moja kwa moja. Kurudi nyuma ni vigumu zaidi, hasa kwenye maneno ya mkopo kutoka Kirusi. Tatizo lako litakuwa fonti, kwani herufi hizi zimo katika fonti chache kuliko ӧ. Hilo ni tatizo la kuonyesha, na fonti inaweza kubadilishwa kesho bila kugusa maandishi.

## Kuandika upya na kusafisha

Kwa anayeanza leo kazi si nzito. Linux ina mpangilio wa kibodi ya Kikomi chini ya Kirusi. Maabara ya FU-Lab ya Syktyvkar na kundi la Giellatekno la Tromsø, Norway, wametengeneza zana za Kikomi. Kibodi yoyote utakayoichagua, iandike ӧ moja kwenye faili tupu na uangalie namba yake. Ikitoa U+04E7 na і ikitoa U+0456, endelea.

Upande wa programu, pitisha kila kinachoingia kwenye NFC kabla ya kukihifadhi, na pitisha pia kile mtu anachokiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Watu husahau hicho cha pili, kisha hifadhidata inakuwa safi na utafutaji unaendelea kushindwa.

Ö ya kuazima inahitaji kanuni yako mwenyewe, na hapa ndipo haki yake inapoheshimiwa. Usibadilishe kila U+00F6 kuwa U+04E7 kwa mkupuo. Makala za sarufi huandika Kikomi kwa Kilatini pia, na humo vör ni sahihi. Majina ya Wafini na Wajerumani yana ö zao. Kanuni salama ni kutazama majirani: ö ikiwa imegusana na herufi ya Kikirili kushoto au kulia, igeuze, ikiwa majirani ni wa Kilatini, iache. Fanya vivyo hivyo kwa i. Kabla ya yote hayo pitisha NFC, ili o ya Kilatini yenye nukta za kupachika isikupite.

Kanuni hiyo inamaliza sehemu kubwa ya kazi. Kinachobaki ni ö iliyosimama peke yake, na Kikomi kina nyingi kwa sababu vitabu vya sarufi hutaja kiambishi tamati -ӧ kikiwa na kistari tu mbele yake. Hapo hakuna jirani wa kumuuliza. Toa orodha ya sehemu hizo, kila moja na sentensi yake, umpe anayekijua Kikomi azipitie kwa macho.